Mjane Mmoja wa Mtaa Huu

Kabambare, 11 Februari 1952

Dada yangu Waridi,

Nakusalimu wewe, shemeji Atumani na watoto, na Mama namsalimu kuliko wote. Sisi huku wazima. Mvua imetupiga wiki nzima, chumvi yangu dukani imegeuka maji, na fundi aliyeniahidi mabati bado ananiahidi. Niambie, Mama ameanza kula? Tangu tumzike Baba, kila nikimfikiria namwona amelala vile vile, amegeukia ukuta. Kama bado hasemi na watu, usinifiche.

Sasa nieleze lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Hippolyte, seremala jirani yangu, yule Mkristo aliyenitengenezea rafu za duka. Mke wake Apolline amejifungua mtoto wa kike na siku hiyo hiyo akafariki. Mtoto amebatizwa haraka, anaitwa Marcelline. Ni mzima, lakini hana wa kumnyonyesha. Wanawake wa hapa wenye watoto wachanga wameogopa. Wanasema ukimpa ziwa mtoto wa marehemu, marehemu atakuja kudai la kwake. Anapewa maji ya wali kwa kijiko. Alipozaliwa alilia kama mtoto, sasa analia kama kifaranga.

Nimemshauri Hippolyte ampeleke Kasongo, kwa masera, wale watawa wa hospitali, ambao nasikia wana maziwa ya unga. Barua hii inaletwa na Léocadie, mdogo wake marehemu. Ndiye anayembeba mtoto, na wanasafiri katika kamyo ya mchele ya dereva Pacifique. Nakuomba wakae kwako.

Léocadie ni msichana mwenye adabu. Hana maneno mengi, anajua kusoma, anapika vizuri, na akicheka huziba mdomo kwa mkono, ingawa meno yake hayana kasoro yoyote. Nakueleza haya ili umtambue atakaposhuka.

Nimetuma pia makopo ya maziwa kutoka dukani.

Ni mimi mdogo wako,
Faradji

Kasongo, 3 Machi 1952

Mdogo wangu Faradji,

Salamu zako zimefika, na pole kwa chumvi. Watoto wazima. Atumani asubuhi anafundisha chuoni Kurani na jioni ananifundisha mimi, ingawa sijamwomba. Mama bado vile vile. Anakula kama mtu anayeonja dawa, kisha anarudi kwenye ukuta wake.

Wageni wako walifika na matope hadi kwenye nywele. Kamyo ilizama karibu na Wamaza, wakalala humo humo. Léocadie nilimtambua bila shida, maana ndiye mwanamke pekee aliyeshuka na mtoto mchanga. Meno sikuyaangalia.

Hospitalini tulipokelewa na masera anayesimamia wazazi. Maziwa ya unga yamebaki kidogo, mengine wanasema yako njiani kutoka Kindu. Hayo machache mtoto aliyatapika. Makopo yako, masera aliyasoma akasema ni ya kutia kwenye chai, si ya mtoto wa umri huu. Atumani ameyapokea kwa niaba ya mtoto.

Nikaona nitafute maziwa ya watu. Nilipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu, na wanawake wanaonyonyesha wakakubali, huyu asubuhi, yule mchana, mwingine jioni. Mtoto alishiba akalala usingizi mrefu hata Léocadie akamwamsha ili ahakikishe anapumua.

Furaha hiyo haikufika Ijumaa. Waume walikutana barazani kwa Abdallah. Abdallah alisema mtoto akinyonya kwa mke wake amekuwa binti yake na dada wa watoto wake; siku moja mwanawe atamwona binti huyu sokoni, atamtaka, kumbe ni dada. Nikamwambia mwanao hajaota hata jino. Akajibu kwamba mwanaume huwaza mbele. Wakaanza kutaja ndoa zote zitakazoharibika mtaani, wakafika mpaka kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, na mume wangu Atumani, badala ya kunisaidia, aliwaletea kitabu. Jua lilipotua kila mke alikuwa amekatazwa.

Nakuandikia ukweli, Faradji. Mtoto huyu amekuwa mwepesi. Ukimpokea unaona umepewa kitambaa kitupu. Mwambie Hippolyte aombe kanisani, nawe omba msikitini, Mungu asikie pande zote mbili.

Dada yako,
Waridi

Kabambare, mwisho wa Machi 1952

Dada yangu,

Salamu kwa wote nyumbani. Barua yako ilikaa njiani muda mrefu, na niliposoma mistari ya mwisho niliifunga nikaiweka chini ya mzani wa duka. Sikuweza kuipeleka kwa Hippolyte. Lakini nadhani alisoma usoni mwangu, kwa sababu jioni yake alianza kupima mbao ndogo ndogo. Sikumwuliza za nini. Siku nne nilipita mlangoni pake nikiangalia upande mwingine. Jana nimechungulia: ni kitanda cha mtoto, chenye kingo ili asianguke. Basi nimeingia ndani nikamshikia mbao.

Nimenunua mbuzi mwenye maziwa ili nimlete kwa kamyo. Anasubiri hapa dukani. Amekula khanga mbili na kalenda, ndiyo maana tarehe ya barua hii ni ya kukisia.

Niandikie upesi hali ya mtoto. Na Léocadie je, anakula? Analala vizuri? Ametaja jambo lolote juu ya Kabambare, au juu ya watu wa Kabambare?

Faradji

Kasongo, 20 Aprili 1952

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mbuzi usimlete.

Mtoto anaendelea vizuri. Amepata wa kumnyonyesha, mjane mmoja wa mtaa huu, mtu wa heshima. Usiulize zaidi, haya ni mambo ya wanawake.

Tuma karanga. Tuma nyingi.

Mama ameamka. Anakula mpaka chakula kinakwisha, na jana amemfokea Atumani kwa kuburuza viatu.

Léocadie anakusalimu. Nilimwuliza niongeze neno gani, akasema niandike hivyo hivyo.

Waridi

Kabambare, 8 Mei 1952

Waridi,

Salamu. Natumaini wazima. Mimi si mzima.

Jana duka langu lilikuwa limejaa watu. Pacifique akaingia na karatasi zake za mizigo, akanipongeza mbele ya wote. Nikamwuliza kwa lipi. Akasema, “Mama yako iko na maziwa kama musichana. Kasongo nzima wanasema.” Nikamjibu kwamba anamfananisha na mtu mwingine, mama yangu ni mtu mzima mwenye mvi. Akasema, “Mvi iko kichwani, Faradji. Maziwa iko pengine.”

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia la unga.

Mjane mmoja wa mtaa huu! Na mimi nikatuma karanga, magunia mawili, nikidhani nalisha mjane kijana aliyefiwa na mumewe! Waridi, nina miaka thelathini na nne. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kunyonya hapo, na siku zote nilijua mlango ule umefungwa. Mama amelala mwaka mzima kwa huzuni, nguvu hana, na wewe unakaa unatazama anapofanya jambo kama hili, na hunielezi. Je, asipougua? Je, mtoto asipokufa mikononi mwake, akarudi kitandani asiamke tena? Ulilifikiria hilo?

Watu sasa wanakuja dukani hawanunui kitu. Wananiuliza hali ya mdogo wangu wa kike.

Faradji

Kasongo, 1 Juni 1952

Mdogo wangu Faradji,

Nakusalimu kwa upole, maana naona unahitaji. Katika hasira yako umeandika “asipougua” na “asipokufa” mahali pa “akiugua” na “akifa”. Nimekuelewa hivyo hivyo. Na jibu ni ndiyo, nililifikiria. Kila usiku nililifikiria. Sasa soma polepole, nitakueleza yote.

Kesho yake baada ya kukuandikia kwamba wanawake wamekatazwa, mtoto alilia tangu alasiri. Léocadie alizunguka naye uani, naye akilia, na mimi nilikuwa napuliza moto ili moshi uwe sababu ya machozi yangu. Ndipo tukasikia sauti chumbani. Mama hakuwa amesema neno kwa siku nyingi. Alisema, “Munilete huyo mutoto hapa, ananisumbua.”

Nikampeleka. Alifungua nguo, akamweka mtoto kwenye ziwa kama mtu anayekamilisha kazi aliyoiacha jana. Mtoto akavuta, akavuta, akalala. Nikamwambia, “Mama, hapo hakuna kitu.” Akasema, “Mimi najua haiko kitu. Yeye hajui.”

Kuanzia siku hiyo hakumrudisha kwa mtu. Sisi tulimpa maji ya wali kwa kijiko, na maziwa ya unga kidogo kidogo ambayo masera alitugawia, na katikati ya vijiko mtoto alinyonya kwa Mama kitu ambacho hakipo. Mama akaanza kuagiza. Karanga. Sombe la majani ya muhogo, lenye mawese mengi. Supu ya samaki wa Nyangwe, tena akitaka kichwa. Nikafikiri njaa ya mwaka mzima imemrudia, nikashukuru kwa hilo tu.

Asubuhi moja Léocadie aliona nguo ya Mama imelowa kifuani. Akaomba radhi, akidhani mtoto amekojoa. Mama alijitazama. Kisha akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba aingie kaburini, kile cha kupiga paja.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utapiga kelele, na kwa sababu niliogopa kwamba nikiandika, maziwa yatakauka. Usinicheke. Wewe umelaza barua yangu chini ya mzani.

Abdallah alisikia, akaja kumkataza Mama pia. Mama akamwambia, “Mume wangu iko kaburini. Nenda umuulize kama anakubali.” Abdallah hakwenda.

Daktari naye akaja, pamoja na masera. Daktari alisema amewahi kusoma habari za namna hii ila hajaziona, na aliomba kwa adabu aonyeshwe. Masera alikuwa na hakika kwamba tumeficha msichana, akachungulia nyuma ya pazia na chini ya kitanda, akamkuta kuku anayeatamia. Mama akaniambia nimwambie bwana daktari asogee. Akasogea. Mama akabonyeza, na maziwa yakaruka mpaka kwenye miwani yake. Daktari alivua miwani, akaifuta, akatazama leso, kisha akacheka hata masera akatoka nje kukohoa. Sasa kila Jumamosi anapita kumpima mtoto, na humletea Mama sukari.

Jambo la mwisho. Atumani alikuwa na swali lake la kitabu, akapanda mtumbwi mpaka Nyangwe kumwona mwalimu wake. Amerudi na jibu kwamba mwanamke ambaye hajaolewa tena, maziwa yake huhesabiwa ni ya mume wake wa mwisho, hata kama amekufa. Maana yake Marcelline ni binti wa Baba. Alimwambia Mama hivyo, akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi. Mama aliendelea kunyonyesha. Kisha akasema, “Basi mzee amepata mutoto tena.” Akalia sana, lakini safari hii ameketi, na hakugeukia ukuta.

Yeye mwenyewe anasema nikuandikie hivi: wewe ulininyonya miaka miwili, uliniuma, na hakuna mtu aliyemwandikia mtu barua ya kulalamika.

Dada yako,
Waridi

Kabambare, 20 Juni 1952

Dada yangu mpendwa,

Nawasalimu wote, na Mama mpe salamu zenye heshima. Nimesoma. Nimesoma mara nyingi. Karanga zinakuja, nimechagua kubwa.

Nilimsomea Hippolyte barua yako. Alikaa chini kwenye sakafu ya duka, katikati ya wateja, akafunika uso. Baadaye akauliza kimo cha Mama, kwa sababu anataka kumtengenezea kiti cha kunyonyeshea chenye mahali pa kuweka mkono. Nikamwonyesha hewani. Kiti kiko tayari, kinapakiwa pamoja na karanga.

Jean-Marie, mjomba wake Apolline na Léocadie, amekuja kutoka Lusangi akiwa na wasiwasi. Anauliza kama mtoto atabaki Mkristo baada ya kunywa maziwa ya Kiislamu. Nilimpa sigara.

Sasa kuna rafiki yangu mmoja, humjui, ana swali la kitabu, ameniomba nimfikishie shemeji Atumani. Anauliza hivi: mtu akiwa na dada wa kunyonya, na dada huyo akiwa na mama mdogo wa damu, je, inafaa mtu yule amwoe yule mama mdogo? Hata kama mama mdogo ni Mkristo? Rafiki yangu hana haraka, ila angependa jibu kwa kamyo inayorudi.

Faradji

Kasongo, 18 Julai 1952

Mdogo wangu,

Sisi wazima, vumbi tu. Marcelline amenona, shingo haionekani. Mama amekaa juu ya kiti cha Hippolyte kama liwali, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia.

Mwambie Jean-Marie asihangaike. Kila Jumapili Léocadie anampeleka mtoto misani, na Mama ndiye anayemvika nguo. Sharti lake ni moja, misa isipite wakati wa kunyonya. Jumapili moja mahubiri yalirefuka. Mama alikwenda akasimama kwenye mlango wa kanisa na shela yake, akakohoa. Akakohoa tena. Nasikia padri sasa anahubiri akiangalia mlango.

Kuhusu rafiki yako. Atumani alifurahi sana kuulizwa, alizungumza tangu magharibi mpaka uji ukaganda. Jibu fupi: inafaa. Mtoto aliyenyonya ndiye tu anayeingia katika undugu, jamaa zake wa damu hawaingii. Na kuoa Mkristo, kitabu kinaruhusu. Atumani anamtakia rafiki yako heri, na anauliza rafiki yako atafungia ndoa wapi.

Mimi naongeza langu. Mwambie rafiki yako kwamba amemwuliza Atumani na kitabu chake, amebaki mtu mmoja ambaye hajamwuliza, naye anajua kusoma. Aandike barua kwake.

Habari nyingine ndogo: Pacifique anapita hapa kila safari, hata akiwa hana mzigo wetu. Ametutengenezea dirisha.

Waridi

Kabambare, 12 Oktoba 1952

Dada yangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi nyingi dukani. Nafurahi kusikia dirisha limetengenezwa.

Leo nina jambo zito. Ndugu za Hippolyte wamekaa kikao. Wanasema mtoto sasa anakula uji, hatari imepita, ni wakati wa kumrudisha kwao. Jean-Marie ndiye aliyesukuma zaidi. Watu wa Lusangi wanamsema kwamba damu yake inalelewa na wengine. Hippolyte hakutaka, ila kikao ni kikao. Atakuja mwezi ujao.

Walitaka mimi ndiye nimwandikie Mama. Nimekataa. Nilishika kalamu mara tatu, nikaona ule ukuta. Kama kuna mtu anayeweza kumwambia ni wewe. Mwambie kidogo kidogo. Nisamehe kwa kukutupia mzigo huu.

Rafiki yangu bado hajaandika barua ile. Anatafuta maneno.

Faradji

Kasongo, 9 Novemba 1952

Mdogo wangu Faradji,

Barua hii unapewa na Mama mwenyewe. Unapoisoma amesimama mbele yako, kwa hiyo usipige kelele. Mpe kiti kwanza. Kiti chake kiko nyuma ya kamyo.

Nilimwambia kidogo kidogo kama ulivyotaka. Nilianza na mvua, nikaenda kwenye uji, na kabla sijafika kwa Hippolyte aliniambia, “Waridi, sema tu.” Nikasema. Jioni hakula. Asubuhi nilikuta amegeukia ukuta. Nikaingia. Alikuwa anahesabu nguo zake zilizotundikwa hapo, kuona zipi zinafaa kwa safari.

Alikwenda mwenyewe ofisini kuomba karatasi ya kusafiri. Karani alimwuliza sababu ya safari. Akasema, “Nakwenda kunyonyesha.” Karani akamtazama mvi, akamwuliza tena. Akajibu vile vile, kwa sauti ya kusikika foleni yote. Karani ameandika: sababu za familia.

Hippolyte alipofika leo asubuhi alikuwa ameandaa maneno. Alivua kofia, akaanza kushukuru. Mama akamkatiza, akampa mtoto, akampa na fungu la nguo, akampa na kuku. Mtoto akaangua kilio mikononi mwa baba yake. Hippolyte akabaki amesimama, hajui amweke wapi. Mama akamwambia, “Wewe ni baba yake, hakuna anayekataa. Lakini iko na njaa, na wewe hauna kitu hapo kifuani. Twende.” Akapanda kamyo. Hippolyte akampandishia mtoto, na ameniambia kando kwamba kikao cha ndugu hakikusema lolote juu ya abiria wa ziada.

Sasa la pili, na ningependa uwe umeketi. Mbele ya kamyo, karibu na dereva, amekaa Léocadie. Pacifique amemwomba awe mke wake, na amekubali. Si jambo la jana. Lilianza usiku ule walipozama Wamaza, Pacifique alipovua koti lake akamfunika mtoto, naye akakaa kwenye mvua. Léocadie alinieleza Julai, kabla hajamjibu, ndiyo maana nilisema rafiki yako aandike. Nilikuandikia dirisha kwa sababu sikuwa na moyo wa kuandika lingine.

Hajui habari za rafiki yako. Sikumwambia, wala Atumani hakumwambia, ingawa ilimuuma kunyamaza.

Wako kamyoni wananingoja nimalize barua, na nyumba yangu imeshakuwa kimya mno. Atumani anaburuza viatu makusudi.

Dada yako akupendaye,
Waridi

Kabambare, 17 Januari 1953

Dada yangu Waridi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Najua umeningojea. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Mama mzima. Amechukua kitanda changu, mimi nalala dukani pembeni ya magunia. Ameamua Hippolyte atoboe mlango kwenye ukuta unaotenganisha nyua zetu ili asizunguke barabarani, na Hippolyte ametoboa. Marcelline mchana anashinda kwetu, jioni anakwenda kwa baba yake, kisha anaanza kulia kwa ajili ya Mama na mlango unafunguliwa. Jean-Marie alikuja kutoka Lusangi kuona kama damu yake imerudi kweli. Mama akamlisha sombe, akamweka mtoto mapajani mwake, na yeye mwenyewe akaenda kulala mchana. Alipoamka Jean-Marie alikuwa bado ameketi vile vile, mguu umekufa ganzi, anaogopa kumwamsha. Hajasema tena neno la kikao.

Arusi ya Léocadie ilifungwa misheni wiki mbili zilizopita. Jean-Marie alinijia kabla ya hapo. Alisema ndugu za Pacifique ni watu wa maneno mengi, yeye mzee hawawezi, na kwa kuwa mimi ni kaka wa mtoto wa marehemu dada yake bibi arusi, mimi ni mtu wa kwao, tena ni mfanyabiashara. Akaniomba nikae upande wao siku ya kupatana mahari.

Nilikubali. Waridi, sijawahi kupatana vile maisha yangu yote. Walianza asubuhi wakicheka, kufika adhuhuri hawakucheka. Kila mbuzi waliyemtaja nilimwona amekonda. Niliwaeleza Léocadie ni nani: kwamba anasoma, kwamba alimbeba mtoto anayekufa akalala naye kwenye matope, kwamba hana maneno mengi. Nilisema mengi, mpaka mjomba wake akanigusa mguu. Pacifique alinitazama kwa muda, nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akainama, akaniambia polepole, “Nitamutunza, kaka.” Baada ya hapo nilimpunguzia mbuzi mmoja. Mmoja tu.

Siku ya arusi alicheka bila kuziba mdomo.

Niliporudi nyumbani Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake. Hakuniuliza arusi ilikuwaje. Alinitazama nikivua viatu, akanitazama nikivaa tena bila sababu. Sijui wewe ulimwambia nini, na usiniambie. Alisema tu, “Mushike dada yako, mikono imenichoka.”

Mikono haikuwa imemchoka, unamjua. Nikamshika. Marcelline ni mzito sasa, Waridi, mzito kweli, unapompokea magoti yanajua. Alinishika sikio, akanichunguza kwa makini kama mteja asiyetaka kununua, akalaza kichwa begani kwangu. Nikakaa naye hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba ya Hippolyte. Kisha akanikojolea kanzu, kanzu mpya kabisa, ile niliyoishonesha mwaka jana kwa matumaini mengine. Mama aliona, akapiga paja akacheka. Na mimi nikacheka.

Mdogo wako, kaka wa Marcelline,
Faradji